Vitu vya Watu Chini ya Kitanda cha Baba

Kuna harufu ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kuinusa. Si uvundo. Ni harufu ya vitu vya watu wengi wasiojuana, vilivyokaa pamoja gizani: jasho la huyu, mafuta ya nywele ya yule, sabuni ya mwingine, moshi wa makaa kutoka jikoni kwa mtu nisiyemjua. Juzi nilikuwa sokoni nikitazama nguo za mitumba. Muuzaji akakata kamba za balo jipya, harufu ile ikatoka yote kwa mara moja, nami nikabaki nimesimama na sketi mkononi.

"Mama, unakamata ao hapana?" muuzaji akaniuliza, yaani naichukua au siichukui.

Nikamrudishia sketi yake, nikaenda zangu. Nilitembea mpaka barabara kubwa kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimekuja kununua.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa chini ya kitanda cha wazazi wangu, mtaani Kampemba, Lubumbashi, wakati nilipokuwa shule ya msingi. Tuliishi ndani ya lupango, ua mmoja wenye nyumba kadhaa na bomba moja la maji, na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta. Kambo, mama mzaa baba, alilala na sisi watoto chumba cha mbele. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Baba na Mama, na chini ya kitanda chao Mama aliweka beseni la unga. Kila jioni nilitumwa kwenda kuuchota, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua mapema kuliko watu wote kwamba kuna vitu vinaongezeka mle.

Baba alikuwa mtunza ghala wa kampuni moja iliyouzia migodi vifaa. Kampuni ilifungwa, Baba akakaa nyumbani muda mrefu. Alijifunza kupika sombe, majani ya muhogo, vibaya, na alifagia ua asubuhi kabla wanawake hawajaamka ili wasimwone. Halafu Jumatatu moja akavaa koti lake la kanisani, akapaka viatu rangi, akatuambia amepata kazi.

"Kazi ya wapi?" Mama akamuuliza.

"Ku ville. Mu biro." Mjini, ofisini.

Kambo aliinua mikono juu akamshukuru Mungu kwa Kiluba. Mimi nilienda shuleni nikawaambia wenzangu kwamba baba yangu anafanya kazi katika ofisi yenye feni. Feni niliiongeza mwenyewe, lakini niliiamini mara tu nilipoitamka.

Jioni alirudi na mfuko wa plastiki kwapani. Hakuutoa mezani kama alivyozoea kufanya zamani akileta mkate. Aliingia nao chumbani moja kwa moja, akatoka mikono mitupu. Nilipoenda kuchota unga nikakuta kitambaa cha kichwa cha njano, cha mwanamke, kimekunjwa vizuri. Baada ya siku chache kulikuwa na mwavuli wenye ubavu uliovunjika. Kisha redio ndogo. Kisha viatu vya mwanamume, vilivyopinda kisigino upande mmoja, na blanketi la mtoto mchanga lililokuwa bado na harufu ya maziwa. Mfuko mmoja ulikuwa umefungwa fundo gumu, huo sikuugusa. Nilikaa mle chini, tumbo limelala sakafuni, nikijiuliza ni ofisi gani ambayo watu wanaiachia viatu vyao.

Mama naye aliona. Sijui aliona lini, kwa kuwa Mama hakuwa mtu wa kusema jambo siku ile ile. Lakini jioni moja, tumekaa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki, alikitoa kile kitambaa cha njano ndani ya blauzi yake, akakiweka kwenye paja.

"Hii kitambala iko ya nani?"

Baba alikitazama kidogo tu. "Iko ya muntu wa kazi."

"Ku biro yenu bantu banaachaka bitambala?"

"Mama Ngalula, kula. Bukari inapoa." Ngalula ni mimi.

Mama alikileta kitambaa puani, akakinusa taratibu mbele yetu sote, akakikunja tena.  Tangu jioni ile alianza kumpigia pasi Baba shati kwa nguvu, kama anayetaka kulitoboa, na akamwambia jirani yetu bombani, akidhani sisikii, kwamba mwanamke huyo wa Baba lazima ni mtu mzima, maana mafuta anayopaka ni ya zamani.

Kambo alikuwa na mashaka yake, mabaya zaidi. Kwake yeye, mtu hakusanyi vitu vya watu wengine na kuvilaza chini ya kitanda bila sababu. Kuna wanaochukua kitambaa chako ili wachukue bahati yako. Alimpenda mwanawe, lakini akaacha kula nyama aliyoileta, akisema meno yanamuuma. Akinipa mimi kipande chake alikuwa akibadili mawazo katikati na kukivuta tena.

Mimi nilijua ni mwizi. Sikumwambia mtu. Mwalimu alikuwa ametuonya juu ya wezi wa mjini wanaovaa vizuri kama mabwana, na baba yangu alivaa vizuri, hakubeba kalamu wala karatasi, na alirudi na vitu vya watu. Nilianza kutazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye kovu la zamani kwenye kidole gumba, na nilijaribu kuona jinsi inavyoweza kuingia mfukoni mwa mtu bila kuhisiwa. Gari la polisi likipita mtaani nilikuwa nakimbilia ndani kumwangalia kama amejificha. Alikuwa amekaa tu, anafuta viatu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Lubumbashi mtakumbuka mabasi makubwa yaliyoletwa wakati ule. Tulizoea teksi na mabasi madogo, ambamo mtu analipa akishuka, na kama makuta, yaani pesa, hayatoshi anabishana, anaomba, mwishowe anaachwa. Mabasi makubwa hayakuwa na maombi. Ulinunua tikiti kwenye kibanda kabla ya kupanda, na dereva hakuuza chochote. Kibanda chenyewe kilikuwa wazi muuzaji akipenda. Kwenye mlango walikuwa wamepiga mstari mwekundu, na mtoto ambaye kichwa chake kimepita mstari alitakiwa kuwa na tikiti yake. Mama alinifundisha kukunja magoti ndani ya sketi wakati wa kupanda na kuyanyoosha nikishafika ndani. Sikuona ubaya wake. Watoto wote wa mtaa wetu walipanda basi lile wakiwa wafupi.

Jambo lililotutisha lilikuwa wakaguzi, makontrolere kama tulivyowaita. Walisemekana hawavai sare. Walipanda kama wewe, wakakaa kama wewe, na basi likishakwenda mwendo mtu aliyekuwa amekaa karibu yako anasimama na kukuomba tikiti. Kwa hiyo katika basi lile kila mtu alimshuku mwenzake. Mwanamume aliye peke yake alitazamwa viatu. Ukipiga stori na jirani yako hukumwambia ulikopandia. Wengine walisema kontrolere unamjua kwa kuwa hatazami dirishani, kwa hiyo watu wote walitazama dirishani, hata penye ukuta mtupu.

Siku moja ya likizo Mama alinivalisha mapema, akaniambia tunaenda soko la mjini. Alichukua kikapu, lakini hakuniuliza kama nataka chai, na hilo lilinitia wasiwasi. Baba alikuwa ametoka muda si mrefu. Tulimwona mbele yetu barabarani, koti lake jeusi, akitembea polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika ofisini. Mama alishusha kitambaa chake mpaka kwenye nyusi. Baba alipopanda basi kwa mlango wa mbele, sisi tulipanda kwa mlango wa nyuma. Nilikunja magoti. Mama alikuwa na tikiti yake mkononi.

Baba alikaa katikati, karibu na njia, akatupa mgongo. Mama alikuwa anamtafuta mwanamke; nilimwona akiwapima wanawake wote waliokuwa karibu yake, mmoja mmoja, tangu kichwa mpaka kandambili. Mimi nilikuwa naangalia mikono. Nilisema moyoni, sasa ataiingiza, sasa. Nilitaka kumwona akiiba, na nilimwomba Mungu asiibe, yote mawili kwa pumzi moja.

Tulipita kituo kimoja, kingine, tukaanza kushuka kuelekea mjini. Hapo Baba akasimama. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kadi yenye kamba, akajivika shingoni.

"Tikiti, mama. Tikiti, papa."

Sikuijua sauti ile. Nyumbani Baba alisema kama mtu anayekohoa, kwa vipande vipande. Hii ilikuwa sauti moja, bapa, isiyopanda wala kushuka. Maongezi yote yalikatika. Nilimsikia Mama akishusha pumzi ndefu; nadhani alikuwa anamtoa yule mwanamke wa mafuta ya zamani moyoni mwake. Halafu pumzi ikamrudi, kwa kuwa alielewa tulikuwa wapi, na mimi nilikuwa nimeshanyoosha magoti.

Baba alimpita askari aliyekaa mbele bila kumwomba kitu. Alimpita bwana mmoja mwenye tai, ambaye hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Kijana wa chuo alitoa tikiti ya jana, Baba akamwambia, "Utashuka na miye." Kisha akamfikia mama mmoja mnene aliyepakata chungu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Tikiti, mama."

"Papa, makuta njo hii, nimeikamata mu mukono." Akafungua kiganja. "Kibanda ilikuwa ya kufunga. Mutoto wangu amezala, iko ku hospitali, namupelekea kula. Kamata makuta."

"Siuzishake tikiti, mama. Utashuka na miye."

"Sasa kosa yangu njo gani? Kibanda ilifungwa."

 Baba alikuwa ameshageuka, na alipogeuka alituona.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya kazi vile. Haukushangaa, ulijifunga. Mama alimpa tikiti yake. Aliishika, akaitazama pande zote mbili kama alivyotazama za wengine, akamrudishia, akaanza kupita. Angepita. Lakini yule mama wa chungu alikuwa anatufuatilia kwa macho, na alikuwa na haki ya kufuatilia.

"Na ule mutoto?" akasema. "Ameshapita mustari, kila muntu anaona. Ao kuko bantu baulizwa na bantu basiulizwa?"

Watu wakageuka. Baba akasimama. Nikamwambia, "Papa."

Nilitaka kumwambia ni mimi, atuondoe pale. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshtuka. Katika mji wetu kila mwanamume mzima ni papa. Wote waliokuwa wakimsihi ndani ya basi lile walimwita hivyo hivyo. Neno langu likapotea katikati ya maneno yao. Na Mama, ambaye angeweza kusema jambo moja tu na kumaliza, alifunga mdomo. Baadaye aliniambia hakutaka watu wajue kwamba mtu yule ni mume wake. Siku nyingine alisema hakutaka kumwaibisha. Nadhani yote mawili yalikuwa kweli.

"Tikiti ya mutoto," Baba akasema.

"Hana," Mama akajibu.

"Basi mutashuka na miye."

Mwisho wa njia kulikuwa na kontena la chuma lililogeuzwa kuwa ofisi. Ndani hapakuwa na feni. Palikuwa na meza, benchi, na shefu, mkuu wa makontrolere, bwana mwembamba aliyejipangusa shingo kwa leso kila mara. Asiyekuwa na tikiti alilipa faini inayozidi nauli mara nyingi. Asiyekuwa na ya kulipa aliacha kitu, na alipaswa kukikomboa kabla juma halijaisha. Pembeni ya meza kulikuwa na rundo: mifuko, vitambaa, viatu. Harufu yake niliitambua kabla macho hayajazoea giza. Ilikuwa ya chini ya kitanda chetu. Nikamtazama Mama, nikaona pua yake nayo imeitambua.

Kijana wa chuo aliacha simu, akatoka akilia kwa hasira. Mama wa chungu alikunjua tena makuta yake mezani. Hayakufika hata karibu na faini.

"Chungu itabakia," shefu akasema.

"Iko na kula ndani. Acha nipeleke, nirudishe chungu."

"Bote banasemaka banarudisha."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, nusu yake juani. Akakohoa. "Shefu. Huyu mama na huyu mutoto, njo ba kwangu. Bibi yangu na mutoto yangu."

Shefu akatucheka kidogo, bila ubaya. "Ungesema tangu mwanzo. Bibi ya ajenti halipake. Mama, enda zako."

Ilikuwa imekwisha. Niliushika mkono wa Mama nikaanza kumvuta. Hakusogea.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha yule mama.

"Huyu haina bibi ya ajenti."

Mama alikuwa amechongewa na yule mama ndani ya basi; angeweza kwa furaha kumwacha apoteze chungu chake. Lakini aliketi kwenye benchi kando yake, akaweka kikapu miguuni, akanivuta nikae katikati yao. "Basi nitabakia naye," akasema. "Mutoto wangu alipanda bure na kibanda ya kwetu ilikuwa wazi. Huyu alikuwa na makuta mu mukono. Kama miye naenda, yeye anabakia juu ya nini?"

Shefu alimgeukia Baba. "Papa Ngalula, toa bibi yako."

 Baba akavua koti. Mgongo wa shati lake, ambalo Mama alikuwa akilipiga pasi kwa nguvu, ulikuwa umechanika tangu bega mpaka kiunoni na kushonwa na kuchanika tena, na ndipo nilipoelewa kwa nini hakulivua koti hata siku za joto. Akalilaza koti mezani, akakichukua chungu, akampa mwenyewe.

"Enda, mama. Kula inapoa."

Yule mama hakumshukuru. Alimtazama kama anayetafuta mtego ulipo, akatoka mbio. Shefu akalivuta koti, akapapasa bitana, akaingiza vidole katika kila mfuko. Alipomaliza akasema polepole, "Sasa nakujua."

Tulirudi kwa miguu. Hakuna aliyependekeza basi. Baba alitembea mbele, upepo ukiingia na kutoka mgongoni mwake, na Mama akamuuliza sababu akiwa nyuma.

"Juu ya nini hukusema ni kazi gani?"

"Balitukataza. Kuko mwenzetu, bantu balimujua, balimupigia kwake, mbele ya batoto. Na ukimaliza siku bila kukamata muntu, shefu anasema umekula makuta yao. Anakukata mushahara."

"Na ile bitu ku nyumba?"

"Pale ku kontena, muntu akichelewa banagawana bitu yake. Mi nabeba ile niliyokamata miye. Mwenye akinikuta ku kituo, namurudishia."

"Ao unagawana weye moja."

Baba aliongeza mwendo.

"Redio iko wapi?" Mama akauliza.

"Mwenyewe alikuya kuikamata."

Nikakumbuka kitu ambacho nadhani Mama naye alikikumbuka. Redio ilikuwapo chini ya kitanda, kisha haikuwapo, na Jumapili ile tulikula kuku. Huenda mwenyewe alikuja kweli. Mpaka leo sijui. Baba ameshafariki, Mungu amrehemu, na katika mambo yote ambayo ningeweza kumuuliza akiwa kitandani mgonjwa, nilimuuliza kama anataka maji.

Karibu na nyumbani Mama akasema tena, si kwa ukali, "Kama sisi hatukukuwa pale, ungemupa chungu yake?"

"Sijue," Baba akasema. Hilo ndilo jibu lake ninalolipenda kuliko mengine.

Kesho yake alienda kazini na kurudi kabla ya saa sita, bila ile kadi ya kazi. Koti hakupewa. Kambo, alipoelezwa yote, alisema afadhali uchawi, maana uchawi mtu huufanya kwa adui zake. Lakini jioni alikula nyama. Mama alifagia chini ya kitanda, akavitoa vitu vyote nje, akamwambia Baba kwamba havitalala tena ndani ya nyumba yake.

Basi tukavirudisha, Baba na mimi, kwa miguu, Kampemba yote na ng'ambo yake. Alikuwa anakumbuka watu, maana wakati wa kuacha kitu walimweleza wanakaa wapi, wakitumaini atawahurumia. Nilimuuliza kwa nini nafuatana naye. Akaniambia ananihitaji kubeba mwavuli. Lakini katika kila mlango aliniweka mbele yake, na nilipokua nilifikiri labda alijua kwamba mtu akimwona mtoto hatapiga. Hatukupigwa. Mwenye viatu alivipokea kupitia dirisha na kulifunga. Mwenye kitambaa cha njano, ambaye alikuwa kweli mtu mzima, alikifungua pembe zote nne, akauliza kile kilichokuwa kimefungwa pembeni kiko wapi. Baba akasema hapakuwa na kitu. Nilimtazama usoni, kama nilivyokuwa nikiitazama mikono yake. Sikuona chochote, wala cha kweli wala cha uongo.

Wa mwisho alikuwa mwenye ule mfuko wa fundo gumu. Alikaa mbali, upande wa reli, na tulifika jua likiwa kali, vumbi limetukaukia midomoni. Alikuwa mama kijana, mwembamba, amekaa barazani na cherehani ya mkono. Alimtambua Baba tangu langoni. Hakusimama.

Baba akafungua fundo kwa meno, akatoa makasi makubwa ya mshonaji, akayaweka chini mbele yake.

Yule mama aliyachukua, akapitisha kidole kwenye makali. Kisha akashika pindo la kitambaa kibovu, akakata, akasikiliza mlio. Alikuwa anachunguza kama tuliyatumia kukatia mabati.

"Nilikuwa na nguo ya harusi," akasema. "Nguo ya bantu. Niliazima makasi ya jirani, ilikuwa butu, ikaharibisha kitambala. Nililipa miye. Tangu siku ile habaniletee tena."

"Unisamehe, mama," Baba akasema.

 Yule mama alimtazama shati lake, viatu vyake vyenye vumbi, kisha akaingia ndani. Tulisikia kifuniko cha mtungi. Akatoka na kikombe cha plastiki kilichojaa maji mpaka juu, akampa Baba kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni, bila kutabasamu.

Baba alikishika. Niliona akiyatazama maji, kisha akimtazama mwanamke, ambaye naye alikuwa anamtazama kuona kama atakunywa. Nilifikiria Kambo, na nyama aliyoogopa kuila isije ikawa na kitu ndani, na watu wote waliotupokea kupitia madirisha. Baba akakiinua kikombe, akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka, polepole, mpaka nusu.

Nikanyoosha mikono. Midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa jua, na maji yaliyobaki niliyaona yanacheza ndani ya kikombe.

"Mupe mutoto," yule mama akasema.

"Mutoto haina na kiu," Baba akamjibu, akayanywa yote, akamrudishia kikombe, na tukaaga.